Mgongo kwa Ziwa: Kufunga Mtandao Katika Nyumba ya Magurudumu, Kigoma

Niliondoka Tabora Jumapili kwa sababu moja. Shirika fulani lilikuwa limepewa msaada wa gari lenye vitanda viwili, jiko la kuokea mikate, choo cha ndani na mapazia ya maua. Gari hilo lilipangiwa kwenda Kigoma kutafutia watoto waliopotezana na wazazi wao, na katika ofisi nzima hakuna mtu aliyeuliza litapataje mtandao.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo, leo mtumbwi mmoja, kesho mitatu. Kuna waliovuka familia nzima. Wengi walivuka nusu, na nusu nyingine haikujulikana ilikoelekea. Gari lilitakiwa kukaa karibu na wazazi, watoto wakipatikana mbali waonyeshwe kwa simu ya video, watambuane. Wazo lilikuwa zuri, ila waliolipata walianza na mapazia.

Mimi ni fundi wa redio na simu. Chuo sikukanyaga. Nilijifunza kwa vile vitabu vya maelekezo ambavyo watu hutupa pamoja na maboksi. Nina miaka hamsini na mmoja, na tangu nikiwa na ishirini naandika kila ninachopima. Mratibu wa shirika, Bwana Evarist, alinipigia simu kutoka Kigoma.

"Fundi, tunataka mtandao wa uhakika."

"Wa uhakika wapi?"

"Kila mahali."

"Kila mahali si mahali, bwana. Gari litasimama wapi?"

Akasema hilo litaamuliwa na uongozi.

Tabora. Gari lilikaa uani kwangu siku tano. Nilikuwa na njia tatu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa dishi la setilaiti, ambalo kibali chake kilikuwa kimelala juu ya meza ya mtu Dar es Salaam tangu mwaka uliotangulia. Ya pili ilikuwa laini ya kawaida, kama iliyomo kwenye simu ya kila mtu. Ya tatu ilikuwa kitu kilichokuja katika kiboksi cheusi kama cha saa ya mkononi. Wenyewe waliiita laini ya dunia. Kadi hii haina kampuni yake; kazi yake ni kuangalia minara yote iliyo karibu na kujishikiza kwenye wenye nguvu zaidi, uwe wa kampuni yoyote na wa nchi yoyote.

Kiboksi hicho nilikidharau. Lakini mtu wa vipimo hawezi kukataa kitu kwa sababu ya boksi lake. Nikachora jedwali lenye safu tisa: tarehe, saa, mahali, mwinuko, idadi ya vijiti vya mtandao, kasi ya kupokea, kasi ya kutuma, muda wa kuitika, na hali ya hewa. Nikapima laini ya kawaida na laini ya dunia kwa zamu, siku tatu, na laini ya dunia ikashinda kila mara. Nikafunga modemu nyuma ya kabati la vyombo, mbali na jiko. Juu ya paa nikasimamisha antena ndefu yenye kuvuta kutoka mbali. Waya nikaupitisha kwenye tundu la bomba la kupumulia choo, nikaliziba kwa gundi. Umeme ulitoka kwenye betri ya pili, ili injini ikizimwa mtandao usizimike. Kazi ilikuwa safi, na hilo nalisema hata leo.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, tukaanza safari. Dereva alikuwa Sadiki, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa umri wangu, mwenye utani usiokwisha. Kabla hatujatoka mjini alikwishanitazama mara mbili na kucheka peke yake.

"Unacheka nini?"

"Nawafikiria babu zako Wanyamwezi. Walitembea mpaka Ujiji na mizigo kichwani. Mjukuu anapelekwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, na choo yuko nacho."

"Na babu zako waliwapokea wamekaa barazani, wakiwauzia maji."

"Biashara, fundi! Biashara!"

Saa saba mchana tulivuka Malagarasi. Nilimwomba asimame ng'ambo ya daraja nipime. Simu yangu ilionyesha kijiti kimoja na laini ya dunia vitatu. Nikaandika. Sadiki alisema mto ule una mamba, na kwamba hajawahi kuona mtu akishuka pale kuhesabu vijiti.

Uvinza tulilala. Mama aliyetupikia wali na maharage alilizunguka gari lote, akachungulia ndani.

"Hili la maiti?"

"Ni ofisi, mama," alisema Sadiki.

"Ofisi yenye kitanda na jiko na choo? Basi mkubwa wenu hataki kuonana na watu."

Wakati huo sikujua kwamba katika safari nzima hakuna mtaalamu atakayelieleza gari lile vizuri kuliko yeye.

Jumatatu, saa tano asubuhi, Kigoma. Barabara inashuka katikati ya michikichi na udongo mwekundu, ziwa linaonekana mara moja, kubwa, na nyuma yake milima ya Kongo kama moshi uliogandamana. Bwana Evarist alitupokea karibu na stesheni ya reli. Alikuwa kijana mwenye shahada mbili na kizibao chenye mifuko kumi na miwili. Niliihesabu, na yote ilikuwa mitupu.

Alinieleza kazi ya wiki ile, na hapo ndipo dhihaka yangu ilipopata uzito wa kubeba. Mama mmoja, waliyemwita Mama Riziki, alikuwa kwenye uwanja wa mapokezi wa wakimbizi Bangwe, kando ya ziwa. Binti yake Riziki alipotea miaka mitatu nyuma, siku kijiji chao kilipochomwa. Wavuvi walimpeleka kusini, na sasa mtoto wa miaka tisa alikuwa amepatikana katika kituo cha watoto Zambia. Wenye kituo walitaka mama na mtoto waonane kwa video na watambuane, Alhamisi, saa nne asubuhi kwa saa zetu.

"Isipofanyika?"

"Kuna familia imeomba kumlea, na wanahama nchi. Ijumaa wanamchukua."

"Kwa nini asitoke mama aende mjini, kwenye mtandao mzuri?"

"Kibali chake kinaishia kwenye ua wa uwanja. Ndiyo maana tuna gari, fundi." Alilipiga gari kofi la upendo. "Gari linamfuata mtu."

Jioni Sadiki alinipeleka Ujiji, Kasingirima, kwa mama yake mdogo, Bi Tatu, nilale huko. Bi Tatu ni mfanyabiashara wa dagaa. Ana chanja zake za kuanikia Bangwe, jirani kabisa na uwanja wa mapokezi, na ana simu mbili kwenye fundo la khanga.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Sadiki ananiambia umekuja kufunga mtandao kwenye choo."

"Kwenye gari."

"Lenye choo."

"Ndiyo."

"Haya, kula." Akanisogezea ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwa lile, aliyepikwa kwa mawese. Kwa jioni ile shirika lilikuwa limeniwekea biskuti.

Jumanne, saa moja asubuhi, Bangwe. Uwanja uko chini ya kilima. Kilima kiko mashariki, ziwa magharibi, na mnara wetu uko nyuma ya kilima, upande wa mjini. Mtu aliyefikiri kidogo angelisimamisha gari likitazama kilima. Bwana Evarist alilisimamisha mlango ukitazama ziwa.

"Mandhari," alisema. "Wafadhili wakipiga picha hapa mlangoni, ziwa lote linaingia."

Nilipinga kwa adabu, kisha nikawasha mitambo, na aibu ikanishika: vijiti vilijaa vyote. Kasi ilizidi yoyote niliyowahi kuipata tangu Tabora. Bwana Evarist alinitazama kama mtu aliyesamehe. Nikaandika.

Saa saba upepo ulianza, na mtandao ukakatika kabisa. Nikaandika kwenye safu ya hali ya hewa: upepo. Nikahitimisha kwamba mlingoti wa antena unatikisika. Nikapanda juu ya paa, nikakaza boliti nne.

Kutoka juu kule niliwaona wanawake wa dagaa. Walikuwa kama kumi, na kila aliyepokea simu alifanya jambo moja. Alisimama, akaligeuzia ziwa mgongo, akaikumbatia simu kifuani kama mtoto anayenyonya, na kuzungumza akiwa ameinamia upande wa kilima. Hakuna hata mmoja aliyezungumza huku akitazama maji. Nilishuka nikamuuliza Bi Tatu.

"Ukilitazama ziwa, ng'ambo inakuchukua," alisema.

"Inakuchukua vipi?"

"Inakuchukua tu. Asubuhi hasa, ziwa likitulia. Upepo ukija inakuachia." Alinitazama nilivyofungua daftari. "Unaandika?"

"Naandika."

"Andika na jina langu."

Niliandika. Ukurasa ninao mpaka leo. Nimeyapa maneno yake kichwa cha habari, kwa herufi kubwa na mstari chini: IMANI ZA WENYEJI.

Jumatano nilirudia vipimo vyote. Asubuhi vijiti vilijaa na kasi ikawa nzuri sana. Mchana, upepo, mtandao ukatoka. Nikakaza boliti tena. Jambo moja zaidi nililitenda siku zote mbili, nami nalieleza hapa kwa kuwa limenifunza kuliko vitabu vyangu. Kila nilipowasha mitambo asubuhi, kishikwambi tulichokiunga na modemu kilipokea ujumbe mfupi wa Kifaransa. Kiingereza cha vitabu vya maelekezo nakijua, Kifaransa sijui. Niliona ni tangazo la biashara. Niliufuta kila mara, kwa ajili ya usafi.

Mchana Mama Riziki alikuja kuliona gari. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani. Kabla ya vita alikuwa na duka lake. Alikaa kwenye kiti atakachokaa kesho yake, akakitazama kishikwambi.

"Uso yake itatokea apa?"

"Hapa, mama. Saa nne."

"Na mimi atanionaje? Nimekonda."

"Atakujua," nikasema, jambo ambalo sikuwa na kipimo chake.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye bakuli. Vijiti vilijaa. Bwana Evarist alikuwa amevaa kizibao kipya, na fomu yake ilikuwa kwenye ubao. Mama Riziki aliingia, akakaa, akakunja mikono. Nikakiwasha kishikwambi mbele yake, na ule ujumbe ukaingia kwa mlio wake. Nikanyoosha kidole kuufuta.

Alinishika mkono. Mwenye duka wa Kongo anasoma Kifaransa.

Alisoma mara moja, akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mimi siweze kusema apa."

"Kuna nini, mama?"

"Inaniambia karibu Kongo. Ile ni simu ya kule."

Nikautazama ujumbe kama aliyeuona mara ya kwanza, maana kusema kweli ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Laini ya dunia ilikuwa imefanya kile kilichoandikwa kwenye boksi lake. Ilikuwa imeupuuza mnara wetu uliojificha nyuma ya kilima, ikavuka ziwa lote lililotulia, ikajishikiza kwenye mnara wa ng'ambo kwa sababu ndio uliokuwa na nguvu. Kadi isiyojua mipaka, na mimi niliichagua kwa ajili ya mtu ambaye mpaka ulikuwa ndio kitu pekee kilichobaki kati yake na waliomchomea nyumba.

Sikunyamaza. Ningenyamaza ingekuwa afadhali. Nilianza kumweleza kwamba mazungumzo ya video hufungwa kwa namna ambayo mwenye mnara hawezi kuyasikiliza, nikaanza na sura ya kwanza, kama mwalimu. Aliniacha nikafika mbali kidogo.

"Baba," alisema, "bwana yangu alipiga simu, akasema tuko wapi. Magaribi ile balikuja, bakatuchomea. Weye unajua mashini. Mimi najua bale bantu."

Akatoka. Alikwenda kukaa chini kando ya uzio, uso kwenye magoti.

Bwana Evarist alitazama saa yake, akafungua kalamu.

"Basi. Nitaandika mzazi amekataa kushiriki."

"Ukiandika hivyo itakuwaje?"

"Faili linafungwa. Ni utaratibu."

"Hajakataa. Andika fundi amekosea."

Aliigeuza fomu, akaitazama mbele na nyuma. "Fomu haina nafasi hiyo."

Nakiri nilimwambia neno ambalo Sadiki amelirudia Kasingirima nzima, nami sitaliandika. Lakini lilifanya kazi. Bwana Evarist alipiga simu Zambia kwa simu yake mwenyewe. Ilimbidi atembee hadi nyuma kabisa ya uwanja, chini ya kilima, ndipo akasikika. Alirudi akasema mama wa kituo amekubali kungoja mpaka saa kumi alasiri. Baada ya hapo mtoto anafungashiwa vitu vyake.

Saa tano nilikaa kwenye ngazi ya gari na daftari. Niliitoa laini ya dunia, nikaweka laini ya Sadiki, ya kampuni ya hapa hapa. Nikawasha. Dakika tatu zikapita, kisha ujumbe wa Kifaransa ukaingia, karibu Kongo. Laini ya kwetu nayo, ikikosa mnara wake, huazima wa jirani, na antena juu ya paa haikuona kitu kingine. Kwayo ziwa lilikuwa barabara tupu. Saa sita na nusu upepo ukaja, ng'ambo ikaondoka, na kwetu hakukubakia hata kijiti kimoja.

Bi Tatu alikuwa ameegemea uzio, mikono ikinuka dagaa.

"Fundi, umeshapigana na boliti leo?"

"Bado, Bi Mkubwa."

"Maana jana na juzi ulipanda huko juu kama nyani wa Gombe. Tukasema mwacheni, ni mgeni." Akaonyesha kwa kidevu mahali Bwana Evarist aliposimama kupiga simu yake. "Yule hakusoma mgongo, lakini miguu yake ilimpeleka. Sasa hili ligari lenu mmelipeleka uso kwa ziwa, mnashangaa nini? Ligeuzeni."

"Ligeuzwe?"

"Lina mgongo mkubwa kuliko wangu."

Nilifungua ule ukurasa wa IMANI ZA WENYEJI, nikausoma tena polepole. Kila neno lilikuwa kipimo. Mwili wa mtu huzuia mawimbi. Anayeligeuzia ziwa mgongo na kuikumbatia simu anauficha mnara wa ng'ambo nyuma ya nyama na mifupa yake, na kuuacha mnara wa kwetu, ambao mawimbi yake huteremka kwa shida kutoka kilimani, uwe peke yake machoni pa simu. Asubuhi ziwa likitulia, hewa baridi iliyolala juu ya maji huyabeba mawimbi mbali. Upepo ukija hiyo hewa huvurugika. Wanawake wale walikuwa wamepima kwa miaka, kila siku ya kazi, bila jedwali. Mimi nilipima siku mbili nikawaandikia kichwa cha habari.

Saa saba tukaanza. Sadiki aliligeuza gari likakaa ubavu kwa ziwa, zuio refu la bati, mlango ukitazama kilima. Niliishusha antena kutoka kwenye paa, nikaufungua mlingoti, nikaiweka chini upande wa kilima, ambako mawimbi ya kwetu huteremkia, kimo cha kiuno, nikaiegemeza kwenye ngazi ileile ya mlango. Nilipowasha, vilikuja vijiti viwili. Nikaisogeza hatua moja kushoto, ikawa kimoja. Nikairudisha. Viwili. Siku ile sikuandika kitu, mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Bwana Evarist alinung'unika kwamba picha itakuwa ya kilima tu.

"Piga picha ya dagaa," alisema Bi Tatu. "Nao ni mandhari."

Saa tisa na nusu nilimwendea Mama Riziki kwenye uzio. Sikumweleza chochote kuhusu mawimbi. Nikasema, "Mama, nilikosea. Nimebadilisha. Njoo uangalie mwenyewe jina."

"Onesha mimi."

Nikamwonyesha. Jina la kampuni ya hapa, juu ya kioo, vijiti viwili. Alilitazama kwa muda mrefu. Akasubiri, na mimi nikasubiri naye, mpaka dakika zile tatu zikapita na ujumbe wa Kifaransa haukuja. Ndipo akaketi, nje, kwenye kiti tulichokitoa ndani, mgongo wake kwa gari na uso kwa kilima.

Wakati simu inaita, nikasikia minong'ono upande wa pili wa gari. Bi Tatu alikuwa amewaleta wenzake. Walikuwa saba au wanane, wamejipanga kwenye mchanga kutoka mwanzo wa gari hadi mwisho, migongo kwa ziwa, mikono kifuani. Kwa umbali ule, na bati lile, miili yao haikuweza kuongeza kitu. Nina hakika ya kitaalamu. Sikusema. Na ni kipimo pekee katika safari ile ambacho nilikataa kukichukua.

Picha ilikuja imevunjikavunjika, kisha ikajiunga. Mama wa kituo alionekana kwanza, halafu akasogea, na mtoto akakaa mbele. Nywele zilinyolewa. Alikuwa na gauni la shule. Nilitazama vijiti.

"Riziki," mama akasema hatimaye.

Mtoto aliangalia pembeni, akamwangalia mama wa kituo, akarudi.

"Mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, "ulisema nichunge sufuria, unarudi. Maharagi iliungua. Nilichunga, lakini iliungua."

Mama Riziki aliweka viganja vyote viwili juu ya mdomo. Baadaye alituambia: siku ile, moto ulipoanza ng'ambo ya pili ya kijiji, alimwacha mtoto jikoni akakimbia kumwita mumewe. Jambo la sufuria hakuwahi kulitaja kwenye fomu yoyote, kwa sababu hakuna fomu iliyoliuliza.

"Acha iungue," alisema. "Acha iungue, mwanangu. Mama atapika ingine."

Mama wa kituo alirudi kwenye picha, akasema kwa Kiingereza kwamba inatosha, ameridhika, mtoto haendi popote kesho. Nikatafsiri. Walizungumza dakika chache tena, kisha picha ikaganda, mtoto mdomo wazi akicheka kitu ambacho hatukukisikia. Mama Riziki hakutaka nikizime. Tulikiacha hivyo mpaka betri ya kishikwambi ilipokwisha.

Jumamosi nilirudi Tabora kwa treni. Kabla ya kuondoka Bwana Evarist alinipa nakala ya ripoti yake niisome njiani. Ilisema mfumo wa laini ya dunia ulifanya kazi kwa mafanikio makubwa katika mazingira magumu, na ikapendekeza magari mengine mawili ya aina hiyo. Ndani yake mlikuwa na picha ya ziwa. Kilima hakikuwemo, wala dagaa. Nikaitumia kufungia mgebuka wa kukaushwa ambao Bi Tatu alinipa, na kwa kazi hiyo ilifaa.

Bi Tatu mwenyewe alinisindikiza mpaka stesheni ya Kigoma, si kwa upendo bali kwa kuwa alikuwa na mzigo wake wa kupakia.

"Na huko Tabora hamna ziwa," alisema. "Utampa nani mgongo?"

"Nitatafuta, Bi Mkubwa."

"Si umpe huyo wa mifuko mingi."

Treni ilipoondoka nilifungua daftari. Ule ukurasa wa IMANI ZA WENYEJI sikuuchana. Nilifuta kichwa cha habari, nikaandika mahali pake: Vipimo vya Bi Tatu, Bangwe. Kisha nikafungua jedwali langu lenye safu tisa, lile nililojivunia. Nilikuwa nimepima nguvu ya mtandao, kasi yake, mwinuko wake na upepo wake. Pembeni kulikuwa na nafasi ndogo. Nikachora safu ya kumi, na juu yake nikaandika swali ambalo Mama Riziki alilijibu kwa mtazamo mmoja, nami kwa siku tatu sikuwa nimeliuliza: Wa nani?

Kazi yoyote niifanyayo sasa naanza kujaza kutoka safu hiyo.